Ambrosi wa Tarehe Saba Desemba

Tabora,
11 Machi 1974

Mdogo wangu,

Jina langu lilipotea Januari 1959. Nimejua kwamba limepotea Jumatatu iliyopita, tarehe 4, saa tatu asubuhi, mbele ya dirisha la leseni. Miaka kumi na mitano mtu anatembea mjini na jina lisilo lake, anaitika, anasaini, hana habari!

Salamu hata hivyo. Sisi huku wazima. Mama yuko Kwihara, mguu unamsumbua asubuhi lakini jembe hajaliweka chini. Shemeji Josepha hajambo? Nadhani siku zake zimekaribia.

Sasa sikiliza. Nilikwenda kuomba upya leseni ya kibanda changu cha baiskeli. Karani akafungua faili, akanitazama, akalifunga.

"Ambrosi Kasimiri, mzaliwa wa Kwihara, tarehe 7 Desemba 1944?"

"Ndiye mimi."

"Hongera, Bwana Shamba, kwa kupandishwa cheo huko Morogoro."

Foleni nzima ikacheka. Kumbe umepanda cheo kwa jina langu, umejaza fomu ya viongozi kwamba huna biashara wala hujaajiri mtu, na fomu imeletwa huku nyumbani kuhakikiwa. Wamemkuta Ambrosi Kasimiri ana kibanda sokoni, mafundi wawili na baiskeli sita za kukodisha. "Azimio la Arusha hujalisoma?" ananiuliza. Nikamwonyesha mikono: tazama grisi hii, ni mikono ya Bwana Shamba? Akasema mikono haiingii kwenye faili.

Bila leseni mimi ni mzururaji. Majirani zangu watatu wa pale sokoni wameshapakiwa kwenye lori kwenda vijijini, kwa kukosa kazi ya kuonyesha. Nimepewa hadi mwisho wa Juni nithibitishe mimi ni nani. Kibanda hiki nilikianza na pampu moja chakavu aliyoitupa Mzee Thabit, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Nieleze jinsi utakavyonirudishia jina.

Kaka yako,
Ambrosi


Morogoro,
2 Aprili 1974

Kaka, shikamoo.

Natumaini hujambo, na Mama hajambo. Mimi mzima kiasi. Barua yako niliisomea chooni, maana ofisini hakuna mlango mwingine unaofungwa kwa ndani. Tafadhali usiandike tena mambo haya kwa anwani ya kazi. Tumia sanduku la parokia.

Kaka, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikuliomba hilo jina, nilivishwa kama sare. Sasa kila karatasi yangu ni Ambrosi: cheti cha darasa la nane, chuo cha kilimo, hata ndoa. Nikisema kweli leo, wataita kughushi. Kazi itakwenda, pengine na mimi mwenyewe nitakwenda ndani. Nivumilie, nitafute njia.

Josepha amejifungua mtoto wa kiume tarehe 21 Machi. Tungefurahi, lakini tangu siku ya tatu analia. Hospitali wamempima, hana homa, hana jipu, ziwa akiguswa nalo anageuza uso. Josepha anasema ni gesi. Muulize Mama.

Mdogo wako,
A.


Tabora,
Jumatatu ya Pasaka, 15 Aprili 1974

Mdogo wangu,

Hongera ya mtoto, na Pasaka njema kwenu. Mama yuko hapa. Nilimleta Jumamosi kwenye keria ya baiskeli, njia nzima ananigombeza nisipite kwenye mashimo. Nilimsomea barua yako. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Gesi! Na baba yake alikuwa na gesi siku tisa."

Halafu akaniambia nikuandikie haya, neno kwa neno. Padre alikuwa ameshakubatiza Damas, nawe ukaendelea kulia. Siku ya tisa bibi akachukua maji, akaanza kutaja waliokufa mmoja mmoja. Alipotaja Mahona, ukanyamaza, ukanyonya. Mahona ni babu yetu mchukuzi, aliyekwenda Bagamoyo na mzigo kichwani mara nne na kurudi Kwihara mara nne. Tangu siku hiyo Damas lilibaki kwa padre. Sisi tulikuita Mahona.

"Mtoto anamtaka babu," anasema Mama. "Lakini babu yumo ndani ya baba yake, na baba yake amemfungia. Mahona aitike kwanza kwa kinywa chake, mbele ya mkewe, ndipo amwite mwanawe." Ametoa shanga moja nyeupe ya babu. Nimeishonea kwenye kona ya karatasi hii, usiikate ovyo.

Hayo ya Mama. Yangu ni haya. Mimi hakuna babu aliyenililia. Mama alitoka Kwihara kwa miguu kwenda kujifungulia misheni, akafika nusu ya njia. Tarehe saba Desemba. Padre akatazama kalenda yake, siku ya Mtakatifu Ambrosi, basi. Ni jina langu la nyumbani, la kanisani na la barabarani. Sina jingine. Wewe ulikuwa na mawili ukachukua langu moja.

Usiseme ulivishwa. Mwaka 1958 tulifanya mtihani wa darasa la nne pamoja, watoto arobaini na mmoja. Walichaguliwa tisa. Mimi nilikuwa wa nne, wewe wa thelathini na tatu. Baba akavunjika mguu, nyumba ikataka mtu wa kufanya kazi, na mkubwa ni mimi. Baba akasema, "Nafasi ipo, mtoto yupo, limebaki jina tu." Mimi nikasema sawa, miaka minne, mpaka amalize darasa la nane. Ulikuwepo. Uliapa. Minne, mdogo wangu. Imekuwa kumi na mitano.

Kaka yako,
Ambrosi


Morogoro,
27 Mei 1974

Kaka, shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia.

Mtoto amenyamaza! Nilimfunga shanga mkononi, nikamwita Mahona, akanitazama kama mtu mzima aliyecheleweshwa. Usiku huo tulilala. Lile la kuitika mimi kwanza, kaka, sikuliweza. Josepha hajui lolote, ningeanzia wapi? Mwambie Mama nimefanya yote. Mtoto si amenyamaza?

Na shida yako imekwisha. Nimeiandikia ofisi huko, kwa muhuri, kwamba mwenye kibanda ni ndugu yangu anayeitwa Mahona Kasimiri, na kwamba aliandikishwa Ambrosi kwa makosa. Kazi yako ni kwenda kusaini. Ni jina zuri, la babu, na halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote mkubwa. Kibanda chako salama, kazi yangu salama.

Mdogo wako,
A.


Tabora,
10 Juni 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Mama si mzima wala si mgonjwa, nitakueleza.

Ijumaa nilikwenda dirishani. Karani ananichekea, "Karibu, Ndugu Mahona." Leseni ipo mezani, imepigwa chapa vizuri, mihuri miwili. Nikaambiwa tia sahihi. Kalamu nikaishika, mimi kaka wa mtu mkubwa, nikairudisha mezani. Nikasema sijavaa miwani. Sina miwani, unajua. Nikapewa hadi Ijumaa tarehe 28 Juni, saa nne asubuhi. Baada ya hapo faili linafungwa na mimi napanda lori.

Mama nilimwambia yote, pamoja na kwamba hukuitika. Alikuwa anachambua karanga. Hakunyanyua uso. Akauliza, "Basi mimi nilimzaa nani pale njiani?" Tangu hapo hajasema neno, na leo ni siku ya tatu. Hata mguu haulalamikii.

Nimepiga hesabu kila upande. Nikisaini, nabaki na kibanda, mafundi wawili na baiskeli sita, na Mama anapoteza wana wawili kwa sahihi moja: mimi sipo, na wewe hupo. Mahona atakuwa mtoto wa miezi mitatu na fundi wa miaka ishirini na tisa. Nisiposaini nikanyamaza, naenda kulima kijiji nisichokijua. Nikisema kweli, unaanguka wewe, na Josepha, na yule mdogo aliyekwisha kulia vya kutosha.

Ningeweza kuisema kweli bila kukuuliza. Cheti cha ubatizo ninacho mfukoni, na padre mzee yupo hai, anaikumbuka siku ile. Nakuuliza kwa sababu nilikubeba mgongoni kwenda shule, wewe umevaa shati langu na jina langu.

Kwa hiyo piga simu ya upepo, telegramu. Maneno machache yanatosha, usinieleze habari za vyeti. Ni nani aliyezaliwa njiani Kwihara tarehe saba Desemba, mimi au wewe? Jibu liwe posta ya Tabora Alhamisi tarehe 27 Juni, kabla ya saa sita mchana. Na chini yake usiniandikie A. Andika jina lako lote.

Kaka yako,