Kisu cha Mashoto

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo analisema kutwa kama jirani mkorofi.

Najua ukiona mwandiko wangu utasema, haya, visu tena. Mara ya mwisho ulinicheka mbele ya wifi, eti kwa visu vyote vile vya mifupa ningefungua bucha. Hukujua kwamba vile vya kale vya kukunja, vyenye mpini wa mfupa, nilivikusanya nikikitafuta kimoja tu, kisu cha baba. Wewe ulikuwa bado tumboni alipofariki, na sanduku lake la ufundi viatu likauzwa na kila kilichokuwemo. Hata picha yake hukuachiwa.

Jumamosi wakusanyaji tulikutana ukumbini kubadilishana. Fundi saa, anayetuzidi sote kwa visu, alileta bakuli la vibovu. Nikapekua. Kimoja kilikuwa na ufa mdogo wa kutilia ukucha ili kukikunjua, upande wa kawaida wa bapa, na wa pili umechongwa kwa tupa upande mwingine. Fundi saa akaniambia nisijisumbue, kuna mjinga alikiharibu. Mama alishanisimulia kwamba baba alikuwa mashoto, na kwamba alijichongea ufa wake mwenyewe. Nikatoa kisu changu kizuri kuliko vyote, kile ambacho fundi saa amekimezea mate miaka nenda miaka rudi. Ukumbi mzima ulinicheka. Nikatoka kifua mbele.

Nyumbani, mama hakukitazama hata. Alipitisha kidole kwenye ule ufa, akasema ndicho, akalia, kisha akacheka na kudai chungwa la kumenya. Ufa wa baba tuliujaribu sote wawili ukatushinda. Mkono wa kulia hauupati.

Sasa nikutobolee siri. Sikukitafuta kwa ajili yangu. Nilianza siku ile uliporudi kutoka shuleni unalia, umechapwa kwa kuandikia kushoto, ukauliza mkono huu umeutoa wapi. Hatukuwa na cha kukuonyesha.

Kimo ndani ya kifurushi hiki. Tia ukucha wa gumba lako la kushoto. Utaingia.

Mpe wifi salamu tele. Mama anakuombea heri.

Ni mimi dada yako, ambaye leo hashikiki kwa furaha.