Karatasi Niliyokataa Kuichoma

Jumapili, Homa Bay. Mvua ya mchana imekatika na hewa imekuwa safi. Leo nimepumua.

Nikiri tu. Miezi mitatu hii nimekuwa Neema Diamond. Kocha wetu wa mafunzo ya kuzaliwa upya alituambia hatutafika popote tukiwa tumembeba mtu wa zamani mgongoni. Akaniuliza maana ya jina langu, Abonyo. Nikasema ni nzige. Ukumbi mzima uliangua kicheko! Akasema ndiyo maana kila ninachopanda kinaliwa.

Nami nikaamini. Saluni yangu ilikuwa imefungwa, nimechoka, na mtu aliyechoka huuziwa chochote.

Sikumwambia kocha kwamba kwetu jina halichaguliwi hivihivi. Nilipozaliwa nililia kutwa, wazee wakawa wanataja marehemu mmoja mmoja. Nilinyamaza walipofika kwa Abonyo, mama yake baba, aliyezaliwa mwaka wa nzige. Kwa hiyo Mama, kule Migori, huniita Dani, yaani nyanya, kwa heshima ya mama mkwe wake. Tangu niwe Neema Diamond ananiita "wewe". Hajanigombeza hata siku moja. "Wewe" tu.

Imeniuma kuliko matusi.

Leo tulikuwa tunahitimu. Kila mmoja aliandika jina lake la zamani kwenye karatasi, akaitupa ndani ya ndoo ya bati iliyowashwa moto, akapigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika mkono ulikataa. Kocha akaninong'oneza, "Wacha iende, sista. Si ni karatasi tu?"

Kama ni karatasi tu, mbona tunaichoma?

Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikarudi kuketi. Hakuna aliyepiga makofi. Cheti sikupewa. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Sikatai, yapo ya kubadilisha: hasira zangu, uvivu wa asubuhi, na huku kumwamini kila mwenye kipaza sauti. Nitayabadilisha nikiwa Abonyo. Kwao nyanya nzige walikula shamba lote, na bado watu walilima tena.

Nimempigia Mama hata kabla ya kuvua viatu. Nimemweleza yote, mpaka habari ya ndoo.

"Dani," akasema, "umekula lakini?"