Barua Iliyoitwa Nikiwa Zamu

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimechuja petroli kwenye kiwanja cha ndege tangu asubuhi. Unaimimina kwenye faneli yenye ngozi laini, petroli inapita, maji yanabaki juu. Mikono inanuka hadi kwenye chakula. Rubani Mzungu hanitazami usoni, anatazama ngozi tu. Sawa. Iko siku na mimi nitachujiwa.

Shule tatu za urubani nimeziandikia. Nairobi ni karibu. Uingereza ndiyo yenye jina. Lakini moyo uko Addis Ababa. Wanasema huko watu weusi wenyewe wanarusha ndege, na kufundisha wanafundisha.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada kaka Anaeli aliita barua nje ya kanisa, kama kawaida. Sanduku la posta la usharika ni moja, na yeye ana karakana ya useremala mjini, Ngarenaro, hivyo ndiye anayezichukua posta kila Jumamosi. Ukiitwa na hupo, mtu wa nyumbani kwenu anakupokelea.

Zangu mbili. Nairobi: Mwafrika hafundishwi urubani, labda ufundi. Uingereza: vyeti havitoshi. Kaka alinishika bega. "Pole, mdogo wangu." Nilitaka kulia. Nampenda kaka yangu.

Basi, kuchagua kumekwisha. Addis tu.

Jumapili, 17 Machi
Zamu. Mvua, ndege mbili tu. Ibada nimeikosa. Jioni nilimuuliza Mama kama niliitwa. Akasema ndizi zinapoa, nile kwanza. Nikala, nikalala.

Jumatano, 20 Machi
Mama Nderingo, jirani yetu, kanisimamisha njiani. "Hongera, mwanangu. Umemheshimu mama yako." Nadhani ni lile paa nililoziba juzi. Nikasema asante.

Jumapili, 24 Machi
Mchungaji naye. Kanishika mkono muda mrefu, eti vijana kama mimi wamebaki wachache. Paa gani hili la kusifiwa na mchungaji?

Barua hakuna. Kaka aliita majina haraka haraka, akawahi kuondoka.

Alhamisi, 4 Aprili
Barua ya Addis imekuja kiwanjani. Kwenye fomu niliandika ninapofanya kazi, ndiyo maana. Wananishukuru kwa jibu langu. Wanasikitika kwamba nimeikataa nafasi. Amepewa mwingine.

Jibu langu. Jibu lipi? Nimeisoma mara nne. Nimemwaga petroli, nikatukanwa, sikusikia hata tusi lenyewe.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimekwenda Ngarenaro moja kwa moja. Kaka alikuwa anapiga randa. Hakukana.

Jumapili ile ya zamu yangu aliniita kwa sauti mbele ya watu wote. Mama akanyoosha mkono, akaipokea. Kaka akaisoma palepale: nimekubaliwa. Watu wakauliza, je, ataenda? Akawajibu kwamba mimi ni kitindamimba, nyumba ya mama ni yangu, na nimeamua mwenyewe kubaki. Wakapiga makofi. Kesho yake akaandika Addis kwa jina langu, kwa mwandiko wake mzuri wa kuandikia taarifa za kanisa.

"Ukiondoka wewe, nani atarudi kwenye kahawa na migomba? Ni mimi. Na karakana hii nimwachie nani?"

Angalau hapo alisema kweli. Sikumpiga. Nilitaka sana.

Jumamosi, 6 Aprili
Barua ya kwanza ya Addis ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mama. Hajui kusoma, ila alijua. Nilimuuliza, hakunificha. "Sitaki kufa nyumba ikiwa tupu," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Kaka namchukia, hiyo ni rahisi. Mama sijui nimfanyeje.

Na wale wengine wote. Usharika mzima ulisikia jina langu, mimi nikapita katikati yao nikisema asante, asante, kwa ajili ya paa. Mjinga mkubwa.

Jumapili, 14 Aprili
Jumapili ya Matawi. Mvua imepumzika, mlima Meru umeonekana wote. Nilikaa benchi moja na Mama. Nje kaka aliita majina, langu halikuwemo. Hatukusalimiana.

Mama Nderingo alikuja tena. Shikamoo, marahaba. Akamwambia Mama ana bahati, wa kwake amekaa. Mama alikuwa amenishika mkono, hakujali harufu ya petroli. Akaukaza.

Nikasema asante.

Mfukoni nilikuwa na barua yangu ya kwenda Addis. Nimewaeleza kwamba jibu lile halikuwa langu, nimeomba nafasi ya mwakani. Kesho nikienda kazini na baiskeli kupitia Kijenge nitakwenda hadi posta, niitume mwenyewe. Anwani nimeweka ya kiwanjani.

Mama sijamwambia.