Moshi Ambao Ramani Haikuuona

Jumatatu, 2 Juni
Picha za satelaiti za hewa chafu, za jana, zimeingia. Nimezipaka rangi tangu asubuhi: Delhi, Cairo, Lagos, halafu hapa kwetu Johannesburg. Nyekundu mashariki kwenye mitambo ya umeme ya makaa ya mawe. Njano katikati ya jiji. Kusini kijani. Vidole vinauma kwa baridi. Ripoti inatakiwa wiki ijayo.

Alhamisi, 5 Juni
Dada Zuhura kapiga simu akienda mjini kuuza sambusa. Kiwanja cha nyuma ya chumba chake, La Rochelle kule kusini, watu wanachoma nyaya wapate shaba. Kila siku. Dirisha lake halifungi vizuri, na pumu anayo tangu tukiwa wadogo Tanga. Anaomba aje akae kwangu Kensington kwa muda.
Nikafungua ramani. La Rochelle kijani.
"Dada, nimeangalia kutoka angani. Hewa ya huko ni nzuri kuliko ya kwangu."
Akajibu: "Haya, mdogo wangu. Wewe ndiye msomi."
Ukweli ni kwamba sikutaka kubanana na mtu. Hapa naweza kuuandika.

Jumanne, 10 Juni
Kanitumia ujumbe wa sauti. Anakohoa katikati. Sikuumaliza. Kazi nyingi.

Ijumaa, 13 Juni
Ripoti imetumwa. Vitongoji vya kusini: hewa ya kuridhisha. Sentensi yangu. Mkuu wangu kaisifu.

Jumamosi, 14 Juni
Mama Chantal, jirani yake Mrundi, kanipigia saa mbili asubuhi. Dada kaanguka uani, ndoo ya maji mkononi. Nimemkuta hospitali amevalishwa barakoa ya oksijeni. Midomo imebadilika rangi. Hakunitazama.
Mama Chantal alinivuta kando. "Alikuambia, ama hakukuambia? Wanawasha kukiwa bado giza. Jua likipanda wanazima, wanaenda zao."
Satelaiti yetu hupita mara moja kwa siku, mchana. Na mraba mmoja wa ramani unafunika mitaa mizima. Moto wa kiwanja kimoja unapotelea humo. Si kwamba nimejifunza leo. Wageni wakija ofisini mimi ndiye ninayewaeleza. Nilikuwa najua Alhamisi ile, simu ikiwa sikioni.

Jumatatu, 16 Juni
Sikukuu ya Vijana. Nimemwandikia mkuu wangu: ile sentensi ya kusini iondolewe. Kajibu kwamba takwimu ni sahihi. Kweli ni sahihi. Uongo ni maneno niliyoyaweka juu yake. Nikawaandikia mwenyewe wote waliopokea ripoti, jina langu chini. Sijui kama nitabaki na kazi. Naona aibu kwamba hii ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi; Dada bado sijamwambia.

Jumatano, 18 Juni
Barakoa imetolewa. Nilimwambia Dada yote, mpaka habari ya kutotaka kubanana naye. Nililia. Yeye hakulia.
"La chumba nilijua," akasema. Akavuta pumzi. "La angani ndilo nililoliamini. Eish, Asha. Hata Mama Chantal alitaka kuhama, nikamwambia abaki, mdogo wangu ameangalia."
Mama Chantal ana watoto watatu mle ndani.

Ijumaa, 20 Juni
Nimekwenda La Rochelle kabla ya jua. Moshi mweusi, mzito, unalala chini ukutani. Koo langu liliwaka baada ya dakika chache tu. Nilimsaidia Mama Chantal kufunga mizigo. Kapata chumba kwa mtu wa kanisani kwao. Alinishukuru. Bora angenitukana.

Jumapili, 22 Juni
Dada ameruhusiwa. Kitanda changu ni chake sasa, mimi nina godoro sakafuni. Lifti ya jengo imeharibika. Alipanda ngazi taratibu, akisimama kila ghorofa, mkono ukutani. Nilinyoosha wangu, hakuushika. Nikapanda nyuma yake, hatua moja chini, nikisimama kila aliposimama.