Wiski ya Mnunuzi wa Pamba

Maswa, Jumanne

Na hakuonja! Tangu nikiwa mdogo Baba amenifundisha kwamba anayekukaribisha pombe huonja kwanza yeye, ndipo mgeni anywe kwa amani.

Leo amekuja nyumbani mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa waliozuka tangu biashara ya pamba iwe ruksa kwa watu binafsi. Anataka kukodi ghala la chama cha ushirika, na Baba ndiye mwenyekiti. Akafungua wiski ya Uskochi, chupa ya kutunzwa kabatini, akatumiminia mimi na Baba tu.

"Imelazwa kwenye mapipa ya mvinyo mtamu," akasema. "Mimi naendesha gari, mzee."

Nikangoja Baba amwambie, "Onja kwanza, mwanangu." Baba akanywa! Kisha akamkabidhi ufunguo wa ghala, bila kuwauliza wanachama.

Nami nikanywa. Ilinukia moshi kama jiko la Mama, halafu ikaacha utamu wa zabibu ulimini. Natamani ningeandika hapa kwamba niliitema. Nilimsogezea mnunuzi glasi aniongeze. Akacheka, akaifunga chupa, akairudisha kwenye boksi lake.