Kikombe cha Peke Yangu

Mashamba ya Ngano, Hanang

Mama yangu, shikamoo. Na Baba shikamoo, popote alipokaa karibu na moto. Kabla ya habari nyingine yoyote naomba wote mnyamaze, na aliyevaa kofia aivue: kopo la mafuta ya mkia wa kondoo ulilonipa limekwisha. Lilikwisha kwa heshima, Jumapili, nikilikwangua kwa kijiko. Limeacha kifuniko.

Baada ya tangazo hilo, natumaini hamjambo, na kwamba baridi ya huko kijijini Daudi haijamrudia Baba kifuani. Mimi ni mzima, ukiondoa ngozi.

Barua yako nimeipata. Nilijua ameiandika mdogo wangu Bernadeta, maana ilipofika kwenye habari zake mwandiko ulipungua ukawa kama sisimizi. Unasema mikono yake imepasuka tena, haendi shule tangu Pasaka, anakaa ndani, na utamrudisha akishapona. Wewe Bernadeta unayemsomea Mama sasa hivi, usiruke mistari. Nakujua.

Hata mimi yalinikuta. Kazi yangu hapa ghalani ni kushona midomo ya magunia. Kombaini zilipoanza kuleta ngano, makapi yaliingia shingoni na kwenye viwiko, hata mahali ambapo nilikuwa nimefunga vifungo. Ukurutu wote ukaamka. Nikaanza kuficha mikono. Wenzangu wakikaa kunywa chai, mimi nabeba yangu naenda nyuma ya magunia matupu. Wakinipa mkono asubuhi, nainama kufunga kamba ya kiatu. Nimefunga viatu msimu huu kuliko askari.

Ndipo Bwana Margwe, nyapara wetu, naye ni mtu wa Mbulu kama sisi, akaniwekea kikombe cha bati cha peke yangu, mbali na vya wengine. Kisha akaenda zake. Mama, kikombe kile kiliniuma kuliko mikono. Nilitaka kuacha kazi. Nilitaka na mengine ambayo mtu hamwandikii mama yake.

Nikaenda zahanati ya shamba. Yule mama muuguzi akaitazama mikono kidogo tu, kisha akaniuliza, "Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula na nani?"

Nikamwambia nimeleta mikono, sikuleta sahani. Hakucheka. Akauliza tena, nikajibu, "Peke yangu."

"Basi hilo tulitibu kwanza. Ugonjwa huu hauambukizi. Na ukijifungia ukawa na mawazo, unajikuna zaidi."

"Nitapona lini, Mama?"

"Ugonjwa utatulia, utarudi, nawe utautuliza tena. Una haraka ya kwenda wapi?"

Nilitoka nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimefuata dawa ya kumaliza, nikapewa kazi ya kudumu.

Kesho yake nikiwa nyuma ya magunia akanifuata Gidamis, mlinzi wa ghala. Huyu ni kijana wa wafugaji wa upande wa Dirma. Analinda ngano mahali ng'ombe wa baba yake walipokuwa wakichungwa. Akasimama na fimbo yake.

"Emanueli, kwenu amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

"Sasa msiba huu wote ni wa nini? Bwana Margwe ametukataza kukusogelea. Anasema hivyo ndivyo watu wa kwenu mnavyojitenga mkifiwa: hampeani mkono, hamchangii kikombe. Tumekuheshimu mpaka tumechoka!"

"Mimi nilidhani mnaogopa mikono yangu."

Akaishika, akaigeuza kama anayekagua kwato. "Hii? Nilidhani ni makapi. Hapa nani hajikuni?"

Siku hiyo nilikunywa chai na wenzangu. Bwana Margwe alinuna, kwa kuwa alikuwa amenionea huruma bure. Kikombe cha bati sasa tunatekea maji.

Kwa hiyo, Mama, usimngoje Bernadeta apone. Ukingoja hivyo atazeekea humo ndani, akidhani kila mtu hapo Daudi anazungumzia mikono yake, kumbe wanazungumzia mvua. Apeleke mikono hiyo hiyo shuleni Jumatatu. Asioge maji ya moto sana. Akitoka kuoga, ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, kila siku, hata siku ambazo hawashwi. Hata ya kondoo yanafaa, ingawa muuguzi alikunja pua. Akate kucha. Sabuni ya mche aache. Najua imeadimika madukani, basi hapo ngozi yetu ndiyo raia pekee asiyelalamika. Na jioni mwulize alicheza na nani, kabla hujamwuliza habari za mikono.

Bernadeta, mkono ukichomwa na chaki, ishike kwa kitambaa. Wakikuuliza, waambie ni ukurutu, nao watakuuliza jambo jingine.

Msalimie Baba, na mjomba wa ng'ambo ya mto ambaye bado ana jembe letu. Bibi mpelekee shikamoo yangu kwa sauti kubwa, sikio la kulia. Mtoto wa dada mpeni mkono kwa niaba yangu.

Mavuno yakiisha nitakuja likizo. Ngozi nitakuja nayo.

Mwanao,
Emanueli