Nusu Nyingine ya Uso Wako

Halima wangu,

Barakoa zimekwisha hapa sokoni Gikomba, hakuna anayeziulizia tena. Zile zetu za mwisho, fundi viatu amezifanya vitambaa vya kupigia rangi. Kwenye cherehani yako ameketi msichana mmoja mpole, anatafuna ubani wa bablish kutwa, meno yote nje. Hana kosa. Ni mimi ninayemkazia macho kila akisema neno, naye anadhani namchukia.

Nilikuzoea wewe, basi. Ulikuja sokoni wakati wa ugonjwa, ukawekwa mbele yangu, tukashona barakoa kwa mashuka ya mitumba, lastiki tukizifumua kwenye mashuka hayo hayo. Kwa kelele zile, na midomo imefungwa, nani angemsikia mwenzake? Tukaongea kwa macho. Ukiinua unyusi, najua mteja huyu ni msumbufu, najifanya nina kazi nyingi. Wenzetu walishusha barakoa kidevuni askari wakishapita. Wewe hata siku moja. Chai uliinywa umenigeuzia mgongo, nami nikakutania kwamba unaficha ndevu.

"Mama Brayo, nyumbani kuna mama na kifua chake," ukaniambia.

Nikaacha utani, nikafunga yangu vizuri, kwa ajili ya mama nisiyemjua. Halafu ugonjwa ukakiacha kifua chake ukachukua chako. Ya Mungu ni mengi.

Habari ilinifikia nyumbani Kware jioni, nikianua nguo, na wewe ulishazikwa mchana. Ndiyo desturi yenu Waislamu, najua. Lakini kwetu magharibi tunapita mbele ya marehemu mmoja mmoja, tunamtazama usoni, hapo ndipo moyo unaamini. Wangu haukuamini. Tena nikakumbuka jambo likanivunja kabisa: hata ningeitwa nikutazame, nisingekujua. Sikuwahi kuuona mdomo wako.

Nimechelewa sana, lakini Jumapili nilikwenda mtaa wa Ziwani kwa mama yako. Nilifunga barakoa uliyonishonea, maana kifua chake bado kinamsumbua. Chai nikainywa nimemgeuzia mgongo. Akacheka, akasema hata wewe ulikuwa ukinywa hivyo mle ndani. Kisha akanipa picha yako.

Halima, pichani alikuwa mtu baki. Mwanamke ana mwanya, ana kishimo shavuni, midomo ya mtu wa kucheka. Mimi siku zote nilikuwa nimekuwekea mdomo mwembamba, mkali kidogo. Nikajiuliza, basi nimekuwa nikimlilia nani peke yangu pale sokoni? Sijawahi kuona upweke kama ule, nimeishika picha ya rafiki yangu na simjui.

Nikaweka kiganja juu ya picha, nikafunika kuanzia puani kwenda chini. Ukanitazama. Unyusi ule ule, kama nimekuletea mteja msumbufu. Nikalia, mama yako akalia.

"Sasa toa mkono," akasema. "Polepole."

Nilijaribu. Mara ukawa wewe, mara ukanipotea.

Picha nimemwachia, ni yake. Lakini nakuahidi, kila Jumapili nikitoka kanisani nitapita na mandazi, nimefunga barakoa, nimshike mkono mama yako, halafu nikutazame. Nitafunika, nitafunua, hadi siku nitakapokujua bila kukufunika.

Lala, dada yangu. Mwanya unakupendeza.

Mama Brayo